Ami Zangu Walipoomba Azaliwe Msichana

Sijawahi kuona wanaume wakimpenda msichana kama ami zangu wawili walivyompenda mdogo wangu kabla hajazaliwa. Walimwombea msikitini. Walimletea nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa kwenye samli, ili mama ale na yeye ashibe. Walileta maziwa ya ngamia asubuhi na jioni, wakauliza kama mtoto anacheza vizuri tumboni. Na hawa ni watu ambao mabinti wao wenyewe huwaita wageni, kwa maana kwamba leo wapo na kesho wataolewa waende zao. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akawaonea huruma huko mbele.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mifugo hapa Garissa. Alinunua ng'ombe na ngamia kwa wafugaji wa pande za Bura na Liboi, akawauza sokoni kwa watu wa bara. Aliugua sukari miaka mingi, akaipuuza miaka hiyo hiyo, akafariki hospitalini asubuhi moja huku simu yake ikiita mfukoni mwa kanzu iliyoning'inia ukutani. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia mzembe, na sioni sababu ya kumsitiri katika hilo, kwa kuwa uzembe wake ndio uliotufungulia mlango wa balaa lote. Hakuacha wosia. Hakuwahi kukaa mbele ya watu wazima wawili akasema hiki ni cha fulani na kile ni cha fulani. Mama alipomgusia jambo hilo, alijibu kwamba kuzungumzia wosia ni kumwita malaika wa mauti. Basi malaika alikuja bila kuitwa, akamkuta baba hajapanga chochote.

Alichokiacha kilijulikana na mtaa mzima. Kulikuwa na nyumba ya mawe tuliyokuwa tukikaa, yenye vyumba viwili vya duka upande wa barabara ambavyo watu walipanga. Kulikuwa na ngamia waliochungwa upande wa Bura, chini ya usimamizi wa ami yangu mkubwa. Alimwacha mama, aliniacha mimi, niliyekuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi, alimwacha mdogo wangu wa kike, aliyekuwa sekondari. Na alimwacha mama na mimba ambayo hakuna aliyeitarajia, mama mwenyewe akiwa wa kwanza kuishangaa.

Ami mkubwa ana ndevu alizozipaka hina mpaka zikawa rangi ya kutu, na sauti ya mtu anayedhani kila chumba ni msikiti na yeye ndiye imamu. Ami mdogo ni dalali sokoni. Kazi yake ni kusimama kati ya mwenye mnyama na mnunuzi, akawadanganya wote wawili kwa haki sawa, na katika maisha yake sijaona uadilifu wake mwingine zaidi ya huo. Siku za matanga walikaa uani kwetu, wakala, wakalia kidogo, wakala tena. Walilia kweli, siwanyimi hilo, maana baba alikuwa ndugu yao. Lakini hata kilio chao kilikuwa na jicho moja wazi, na jicho hilo lilikuwa juu ya nyumba.

Wageni walipopungua, ami mkubwa alimwita sheikh wa mtaa wetu aje aeleze mirathi. Sheikh huyu alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, asiyependa makelele. Alieleza kwa utaratibu hata mdogo wangu akaelewa. Mke ana thumuni yake, fungu moja la nane, kwa sababu mume ameacha watoto. Watoto wakiwa mabinti watupu, wana theluthi mbili. Kinachobaki huwaendea wanaume wa karibu wa upande wa baba, yaani hawa ami. Lakini akiwapo mtoto wa kiume, yeye na dada zake ndio hukichukua hicho kinachobaki, na ami hawapati hata kwato.

Akakohoa, kisha akatazama pazia lililotutenga sisi wanawake na wao.

"Mama yao ana mimba," akasema. "Kwa hiyo mali ikae kama ilivyo mpaka mtoto azaliwe."

Sina neno na sheria. Nimeisoma baadaye kwa utulivu na nikaona ina mpango wake, na kwa mjane imeweka fungu ambalo mila zetu za machungani zisingemwekea kamwe. Neno langu ni kwa hawa wawili waliokaa pembeni mwa sheria wakiramba midomo. Kabla ya kauli ile ya sheikh, mimba ya mama ilikuwa aibu kidogo kwao, jambo la mtu mzima ambaye angepaswa kuwa ameshamaliza mambo hayo. Baada ya kauli ile, lile tumbo lilikuwa ndilo mizani. Akizaliwa msichana, ami ni washirika wetu katika kila tofali, mpaka kizingiti cha mlango. Akizaliwa mvulana, ami ni watu wa kuja kunywa chai na kwenda zao.

Na walishatuambia watakachofanya wakiwa washirika. Ami mdogo alisema wazi, akichokoa meno kwa kijiti, kwamba nyumba haikatwi vipande kama tikiti maji. Itauzwa, kila mtu achukue haki yake. Mama aliuliza kutoka nyuma ya pazia yeye na watoto watakaa wapi. Ami mdogo akajibu kwamba asiwe na wasiwasi, mila ipo. Kwetu mjane anaweza kuolewa na ndugu wa marehemu, wasemavyo ili watoto wasitawanyike, na yeye alikuwa tayari kujitolea. Alisema "kujitolea" kama mtu anayetoa damu hospitalini. Ana wake wawili ambao hajui nguo zao za Idi zinatoka wapi.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika ncha ya buibui lake akiizungusha kidoleni. Mabati ya nyumba ile yalikuwa bangili zake za dhahabu alizoziuza mwaka wa ujenzi. Saruji ya sakafu ilikuwa mbuzi aliopewa na mama yake. Hakuna aliyekuwa shahidi, kwa sababu nani huweka shahidi kati yake na mumewe? Mbele ya sheria vyote vilikuwa vya baba. Mama hakulilia ngamia. Nyumba ndiyo aliyoitaka, tena asiishi ndani yake kama mke wa tatu wa dalali.

Tangu siku hiyo ndipo mapenzi kwa msichana yalipoanza. Ami mkubwa, ambaye binti yake wa nne alipozaliwa alikaa kwa watu wengine wiki nzima kwa kununa, alianza kutuhubiria fadhila za kulea mabinti. Alikuja jioni na kitungi cha maziwa, akakaa kwenye mkeka, akasema mabinti ni rehema ndani ya nyumba, mabinti ndio huwakumbuka wazazi, mabinti hawana jeuri. Mimi niliyekuwa binti, niliyekuwa nikimmiminia chai, alinitazama mara moja tu, kunionyesha kwamba sukari haikutosha.

"Adeer, ongeza," akaniambia. Kwetu ami humwita mtoto wa nduguye kwa jina lile lile analoitwa yeye. Ni desturi tamu, na kinywani mwake ilinikera.

Msikitini alimwomba sheikh amwombee shemeji yake apate "kilicho na kheri." Watu waliitikia amina kwa moyo mweupe, wakidhani mtu mzima anaomba mpwa wa kiume kama wanavyoomba watu wote. Yeye alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu amnyime marehemu ndugu yake mtoto wa kiume wa kubeba jina lake. Katika ukoo unaohesabu mababu kwa vidole mpaka vidole vikaisha, na wote wanaume, hilo ni jambo zito, na alilifanya akiwa na udhu.

Mimba ilipofika miezi sita mama alianza kuumwa kiuno, na miguu ikavimba. Nikasema twende kliniki. Ami mkubwa akapata habari, akaja kusimama mlangoni na fimbo yake.

"Mjane hatoki," akasema. "Yuko kwenye eda mpaka ajifungue."

"Anakwenda kutibiwa, adeer. Haendi harusini."

"Waje wamtibu hapa."

Nilimuuliza kama atawalipia wao nauli, na mashine zao pia. Akaondoka akisema elimu imetuharibu. Tulikwenda kwa tuktuk, mama amejifunika mpaka vidole, katika joto la Garissa la saa sita ambalo hata mbuzi hulikimbia wakajificha kwenye vivuli vya magari.

Aliyekuwa kwenye mashine ya picha ni kijana wa bara, mwembamba, mwenye adabu. Alimpaka mama dawa ya baridi tumboni, akapitisha kile chombo, akatuambia mtoto yuko vizuri, maji ya kutosha, moyo unapiga. Mama alisikiliza akitazama dari. Kisha akaniambia kwa Kisomali nitoke nje. Nikakataa. Akavuta pumzi, akamgeukia kijana kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Daktari, mimi nauliza kitu moja. Hii mutoto iko kijana ama iko msichana?"

"Mama ungependa nini?"

"Wewe angalia bolebole. Sema ile iko."

Kijana akaangalia tena. Akasema ni msichana, na akasema ana uhakika, akatuonyesha mahali ambapo mimi sikuona chochote isipokuwa ukungu. Mama alimshukuru. Aliketi, akajifuta ile dawa kwa kitambaa taratibu mno, kama anayefuta meza baada ya wageni wasiokuwa wa heshima.

Tulipofika nyumbani, alifunga mlango wa chumba chake, akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Wewe hukusikia kitu," akasema. "Na mimi sikuuliza kitu."

"Mpaka lini, hooyo?"

"Mpaka nikwambie."

Sikujua alichokuwa akikipanga. Nadhani yeye pia hakujua bado. Alijua tu kwamba neno lile likitoka, siku ya pili dalali atakuwa anapima vyumba kwa hatua. Kwa hiyo alilifungia. Hata mdogo wangu hakuambiwa, na mdogo wangu ni mtu asiyeweza kuficha hata mafua.

Wiki chache baadaye, ami zangu wakapata wazo. Sijui nani aliwaambia kwamba siku hizi kuna mashine inayoona ndani ya tumbo. Labda waliisikia barazani kwenye miraa, ambako husikia kila kitu na kufahamu nusu yake. Walikuja wote wawili, wamevaa vizuri. Mjane yule yule asiyepaswa kutoka, sasa wakataka atoke, tena watamlipia tuktuk, tena watamsindikiza. Ami mkubwa alisema ni kwa ajili ya afya ya mtoto. Alitaja neno "afya" mara nyingi mno kwa mtu ambaye mkewe alijifungulia machungani akiwa yeye amelala.

Mama alijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Mwenyezi Mungu amekifunika. Mimi sitakifunua."

"Ni picha tu, walaal," akasema ami mdogo, akimwita ndugu. "Haiumi."

"Sitaki jicho la mtu lipite juu ya mtoto wangu."

Alisema hivyo tu. Niliwaona kupitia tundu la pazia, na niliona wazo likiingia katika vichwa vyao, polepole, kama gari linaloingia mchangani. Ami mkubwa alimtazama ami mdogo. Ami mdogo akaacha kuchezea simu.

Hapa lazima nimweleze mtu asiyetoka kwetu. Watu wa kwetu wanaogopa kijicho kuliko wanavyoogopa ukame. Mwenye ngamia wengi hasemi ana wangapi. Mama mwenye mtoto mzuri humpaka masizi usoni. Na mwanamke anayehisi amebeba mvulana hujifunika, hachezi na maneno, hataki wanawake wenzake wamshike tumbo, maana kitu kizuri hufichwa. Msichana hafichwi. Nani atamhusudu mtu kwa msichana? Basi wanaume wale wawili walifikiri kwa akili waliyojaliwa: anaficha, kwa hiyo kipo cha kufichwa. Kipo cha kufichwa, kwa hiyo ni mvulana.

Mama aliielewa hesabu yao kabla sijaielewa mimi. Na baada ya kuielewa hakufanya kosa hata moja. Hakudanganya, naapa hakuna siku aliyosema amebeba mvulana. Alianza tu kujifunga shuka mbili badala ya moja. Alichoma ubani mlangoni jioni. Majirani walipotaka kumpapasa tumbo alirudi nyuma hatua, akasema "mashallah" kwa haraka. Aliwaomba watoto wa madrasa waje kumsomea. Mtaa ukaanza kunong'ona, na minong'ono ikafika barazani kwenye miraa, ikarudi kwetu imenenepa: shemeji yao ameota mvulana, mkunga mzee amegusa na kuthibitisha, baba mwenyewe kabla ya kufa alishachagua jina. Hakuna hata moja lililotoka kwetu.

Nyirinyiri zikakoma. Maziwa yakapungua mpaka kitungi cha nusu, halafu yakakata. Ami mkubwa hakutaja tena rehema ya mabinti. Kwa kweli hakuonekana kabisa kwa muda, na nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimeionja tangu baba afariki. Mtu akikukosesha usingizi kwa miezi, halafu ukajua kwamba sasa yeye ndiye anayegaragara kitandani, unalala vizuri sana.

Kisha wakatuma ujumbe kwamba wanataka kikao. Wao ndio walioomba. Walikuja na sheikh na wazee wawili wa ukoo. Wanaume walikaa sebuleni, mama nyuma ya pazia, mimi nikasimama kwenye ufa kati ya pazia na ukuta ili nione nyuso.

Ami mkubwa alizungumza muda mrefu. Alianza na umoja wa ukoo, akapita kwenye huruma, akazunguka kwa marehemu, akarudi kwenye huruma. Mtu angedhani amekuja kutupa kitu. Mwishowe akafika. Wao kama ndugu, akasema, hawataki kugombana na mjane juu ya nyumba. Nyumba ni sitara ya mwanamke. Kwa hiyo, kwa moyo mkunjufu, wako tayari kuacha kila dai lao katika nyumba na maduka, awe mtoto wa kiume au wa kike, ili mradi mjane na mabinti wakubali leo hii kwamba ngamia wa Bura ni wao.

Moyo mkunjufu! Waliamini kwamba baada ya miezi miwili wangekuwa hawana haki hata ya mkia wa ngamia mmoja, ndiyo maana walikuja mbio kuchukua wote kabla mvulana hajafika. Walikuwa wakimwibia mtoto ambaye waliamini ni mtoto wa ndugu yao, yatima, na walikuja kumwibia na sheikh pembeni. Hilo ndilo jambo ambalo sijawasamehe. Wangetuibia sisi wanawake ningesema ni mazoea.

Sheikh alikohoa. Aliwageukia.

"Mnajua mnachokiacha?" akauliza. "Akizaliwa wa kike, mna fungu ndani ya nyumba hii. Mkishasema mmeacha mbele yetu, mmeacha."

Ami mkubwa akatabasamu kwenye zile ndevu za kutu.

"Sheikh, sisi tunajua tunachojua."

Sheikh akaligeukia pazia. "Na wewe, mama. Akizaliwa wa kiume, ngamia hawa ni haki yake pia. Itabidi ufidie kutoka fungu lako na la huyu binti mkubwa. Mnajua?"

"Tunajua," akasema mama.

"Mmeridhia?"

"Tumeridhia. Lakini nina neno moja. Habari ya kuolewa na mtu wa nyumba hii isitajwe tena mlangoni mwangu. Walaal ana wake wawili, awatunze."

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa kama sheikh. Ami mdogo aliinama akakagua kucha zake. Akakubali. Walishikana mikono, wakasoma Fatiha, wakanywa chai ya tangawizi. Sukari ilitosha, niliitia kwa mkono wangu. Ami mkubwa alipokuwa akitoka aliniambia kwa upole, "Adeer, tumewaachia nyumba," na mimi nikamwambia Mungu awalipe. Nilimaanisha.

Nitamaliza habari zao hapa ili nisilazimike kuwarudia. Mdogo wetu alizaliwa, wa kike, na habari ikafika sokoni kabla hatujatoka hospitalini. Ami mkubwa alikwenda kwa kadhi akitaka mapatano yavunjwe. Tulisimuliwa kwamba kadhi alimuuliza maswali machache tu: kama alilazimishwa, kama alikuwa na akili timamu, kama sheikh hakumwonya. Alipofika kwenye swali la mwisho ami alianza kueleza mambo ya kijicho na shuka mbili, na kadhi akamwambia aende nyumbani. Ngamia walibaki nao, na sitaki kudanganya, walikuwa mali nzuri. Hakuna aliyelala njaa kwa sababu yetu. Lakini kwa mtu wa aina ile, alichopata hakina ladha mradi kuna alichokikosa.

Ami mkubwa alikuja kwetu siku chache baada ya mama kujifungua. Hakuleta kitungi. Alisimama uani, hakutaka kukaa.

"Ulijua," alimwambia mama kupitia dirishani. "Ulituficha."

"Nilificha msichana, walaal," mama akajibu. "Nani huficha msichana?"

Nilimtazama akitafuta jibu ndani ya mila zote anazozijua, ndani ya mababu wote anaowahesabu, asilipate. Alivaa viatu vyake akakosea mguu, akavivua, akavivaa tena, akaenda. Kwa miaka yote niliyoishi sijapata karamu iliyonishibisha kama ile.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Lakini mimi nilikuwa chumbani wakati mdogo wetu anazaliwa, na kwa kuwa nimewaanika wengine, sina haki ya kufunika cha kwetu.

Ilikuwa wodi ya wazazi, alasiri, feni ya dari ikizunguka bila kuleta upepo. Mama alikuwa ametaabika tangu asubuhi. Nilimshika mkono, nikampangusa jasho, nikamsomea nilichokijua. Akilini mwangu nilikuwa tayari nasherehekea. Nilikuwa nikiwaona ami zangu wakipata habari, nikiziona zile nyuso. Mkunga, mama mmoja mnene wa kutoka Mandera, alimpokea mtoto, akamwinua, mtoto akalia kwa sauti nzuri iliyojaa chumba.

"Ni gabar," akasema. Msichana. "Mabruk."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mkunga akanitazama kama niliyerukwa na akili. Nilimwinamia mama nicheke naye, kwa sababu nyumba ilikuwa yetu, kwa sababu tulikuwa tumewashinda, mimi na yeye, kwa miezi ya kufunga midomo.

Mama hakuwa akicheka. Alikuwa ameinua shingo kutoka kwenye mto, mishipa imemtoka, anamtazama mkunga.

"Angalia tena," akasema.

Mkunga akafikiri mama hakusikia. "Ni msichana, abaayo, dada yangu. Mzima."

"Angalia vizuri."

Mkunga alimgeuza mtoto akamwonyesha. Mama alitazama muda mrefu. Kisha akakirudisha kichwa chake kwenye mto, akafumba macho, na machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni.

"Nilisema huenda ile mashine ilikosea," akanong'ona. "Kila swala nilimwomba Mungu iwe imekosea."

Niliacha kucheka. Mama ndiye aliyekuwa amewasoma wanaume wale mpaka mfupani. Ndiye aliyejua kwamba hawawezi kufikiria mtu akithamini msichana, na kwa ujinga wao huo akaokoa paa lililokuwa juu yetu. Na kumbe alijua kwa sababu hakuhitaji kwenda mbali kuyatafuta mawazo hayo; yalikuwa ndani yake pia. Nilitafuta ile dharau yangu, ambayo kwa miezi yote ile haikuwahi kuniangusha, nimtupie na yeye sehemu. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi, swali la mtoto wa miaka mitano.

"Na mimi, hooyo?" nikamuuliza. "Mimi nilipozaliwa, uliwaambia waangalie mara ngapi?"

Mkunga aliacha alichokuwa akikifanya. Mama alifumbua macho, akanitazama, na niliona kwamba alikumbuka. Akanyoosha mikono apewe mtoto, akamlaza kifuani, akaniomba nimletee maji ya kunywa.